Saa Iliyokufa Ndani ya Kompyuta

Mhadhara kwa walimu na watunza ofisi, kuhusu kompyuta kuukuu zinazogoma kusasishwa



Miaka michache iliyopita mhasibu wa shule moja aliniletea laptopu iliyofungwa kwa khanga, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisema ni kirusi. Wa pili alisema dawa ni moja tu, kupiga Windows upya, akataja na bei. Mama yule alikataa, kwa kuwa ndani mlikuwa na hesabu za ada za miaka minne na hakuwa na nakala nyingine. Shida yenyewe ilikuwa hivi: kila ukurasa wa intaneti aliofungua ulimletea onyo kwamba muunganisho si salama. Windows nayo ilikuwa ikitafuta masasisho, inazunguka weee, mwisho inatoa nambari 0x80072F8F na kunyamaza.

Nikatazama pembeni, chini kulia. Kompyuta ile iliamini kuwa siku hiyo ni tarehe 1 Januari 2009.

Kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi kuna kibetri cha duara mfano wa sarafu, mara nyingi kile kilichoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuilisha saa wakati mashine imezimwa. Kikiisha, na betri kubwa ya laptopu nayo ikiwa imekufa kama ilivyokuwa kwa mama huyu, kila umeme ukikatika saa inarudi kwenye tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Nilibadilisha kibetri, nikaweka tarehe ya siku ile, nikaiwasha. Kurasa zikafunguka. Masasisho yakaanza kushuka. Hakukuwa na kirusi chochote, na hesabu za ada zilikuwa mahali pake.

Sisemi haya ili kujipiga kifua. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi, mashine nilizozipiga Windows upya bila sababu ni nyingi kiasi kwamba sitaki kuzihesabu. Ndiyo njia ya haraka ya kuonekana umefanya kitu. Leo nataka kuonyesha kwa nini mara nyingi ndiyo njia mbaya, na zipo nyakati ambapo inaiacha mashine katika hali mbaya kuliko ulivyoikuta.

Mtaani tunasema kuapdeti, vitabuni tunasema kusasisha. Mashine hukwama kwa maneno yote mawili. Lifikirieni sasisho kama mzigo unaotoka ng'ambo kuja bandarini. Ili mzigo umfikie mwenyewe, lazima nyaraka zake ziaminike, ghala liwe na nafasi, barabara isikatike katikati, na kule ulikotoka awepo mtu aliyekubali kuutuma. Sasisho likishindwa, limeshindwa katika mojawapo ya sehemu hizo. Nambari inayotokea kwenye skrini inaeleza tu mahali mzigo uliposimama, na chanzo huwa mara nyingi kiko nyuma zaidi. Ndiyo maana watu wawili wenye nambari moja wanaweza kuwa na matatizo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Nianze na nyaraka, maana hapo ndipo kompyuta kuukuu huumia zaidi na ndipo mafundi tunapotazama mwisho.

Kila tovuti inayotumia njia salama ina cheti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari hukilinganisha cheti na saa ya kompyuta. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 ikipewa cheti kilichoanza mwaka huu, inaona cheti cha wakati ambao haujafika. Inakataa, na kwa jinsi inavyoona dunia, ina haki.

Liko jambo la saa ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalipata zaidi kuliko wengine. Kompyuta nyingi zinazouzwa hapa kama mtumba zimetoka ofisi za Ulaya au Marekani, zikiwa zimewekwa kwenye majira ya huko. Mtu anaona saa si sahihi, anaisogeza kwa mkono mpaka ifanane na ya ukutani, lakini eneo la majira linabaki la London au la California. Machoni saa ni sawa. Ndani, kompyuta inahesabu wakati wa dunia kwa makosa, wakati sisi tuko saa tatu mbele ya wakati huo. Vyeti vingi vitavumilia. Zile nambari za siri zinazozalishwa na programu na kubadilika kila sekunde 30 hazitavumilia. Ukikuta mtu nambari zake zinakataliwa na huku saa yake inaonekana nzuri, tazama eneo la majira kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa chukueni hali ya kinyume: saa ni sahihi, lakini kompyuta haimjui anayeweka saini. Vyeti hudhaminiwa na mamlaka chache, na orodha ya wadhamini hao imo ndani ya mfumo endeshi. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja cha msingi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda. Kilikuwa kimewabeba Let's Encrypt, ambao vyeti vyao hutolewa bure na viko kwenye mamilioni ya tovuti. Let's Encrypt walikuwa na cheti kipya cha msingi, lakini mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa kwa miaka mingi hazikuwa nacho. Kompyuta za Mac zilizobaki kwenye toleo la 10.11 au la chini ya hapo ziliamka siku hiyo zikikataa kurasa zilizokuwa zikifunguka jana yake, na wenyewe hawakuwa wamegusa kitu. Hapo ndipo Firefox ilipoonyesha faida yake, kwa sababu inabeba orodha yake yenyewe ya wadhamini na haitegemei ya mfumo endeshi. Mpaka leo ninaitumia kama kipimo: ukurasa ukigoma kwenye vivinjari vingine na kufunguka kwenye Firefox, ninaacha kuulaumu mtandao na kwenda kuitazama orodha ya wadhamini ndani ya mfumo.

Na sasa nifike kwenye lile la kupiga Windows upya. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na diski nyingi zilizoko kwenye droo za mafundi ni za toleo lenye Service Pack 1, la mwaka 2011. Wakati huo masasisho ya Microsoft yalitiwa saini kwa hesabu iitwayo SHA-1, ambayo baadaye ilionekana inaweza kughushiwa. Mwaka 2019 Microsoft wakahamia SHA-2. Waliandaa daraja mwezi Machi mwaka huo: masasisho mawili madogo, KB4490628 na KB4474419, yanayoifundisha Windows 7 kuisoma saini mpya. Kompyuta iliyokuwa inasasishwa kila mwezi ilivuka daraja bila mwenyewe kujua. Katikati ya mwaka 2020 njia ya zamani ikafungwa.

Tazameni basi kinachotokea. Mtu ana Windows 7 iliyovuka daraja zamani, ina tatizo dogo. Fundi anaifuta na kuipiga upya kwa diski ya 2011. Mashine inarudi ikiwa safi na nyepesi, na mwenyewe anafurahi. Kisha anabonyeza kutafuta masasisho, na hapati hata moja, leo wala kesho. Amerudishwa upande wa pili wa mto baada ya daraja kubomolewa. Dawa ipo: kuyapakua masasisho yale mawili kwa kompyuta nyingine kutoka kwenye ghala la masasisho la Microsoft, kuyabeba kwa fleshi, kuisakinisha KB4490628 kwanza na ile nyingine baadaye. Lakini fundi asiyeijua historia hii atakwambia kompyuta imechoka, ununue nyingine. Na huenda nyingine hiyo anayo dukani kwake.

Nafasi ni suala jepesi kulieleza, ila lina mtego mmoja unaostahili muda wetu. Kila mtu anajua kwamba diski ikijaa sasisho halitaingia. Nambari 0x80070070 maana yake ni hiyo tu. Zilikuwako laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya gigabaiti 32 iliyogandishwa kwenye ubao. Kuanzia toleo la Mei 2019 la Windows 10, hizo 32 ndicho kiwango cha chini kilichotajwa na Microsoft wenyewe kwa mashine mpya. Aliyewahi kujaribu kuipandisha toleo mashine ya namna hiyo anajua: unafuta picha, unafuta nyimbo, unafuta mpaka video ya harusi, na bado haitoshi.

Mtego ni huu. Diski moja hugawanywa vyumba, na vingine havionekani kwa mtumiaji. Januari 2024 Microsoft walituma sasisho KB5034441 kwa watumiaji wa Windows 10. Lilikuwa la kuziba tundu kwenye chumba cha uokozi, lile eneo dogo ambalo kompyuta hukimbilia ikishindwa kuwaka. Sasisho lilihitaji megabaiti 250 zilizo wazi ndani ya chumba hicho. Kompyuta nyingi zilikuwa na chumba kidogo kuliko hapo, kwa kuwa ndivyo Windows yenyewe ilivyokigawa siku ya kwanza. Ikawa mtu mwenye gigabaiti 300 wazi anaambiwa sasisho limeshindwa, kwa nambari 0x80070643, ambayo haisemi lolote juu ya nafasi. Tafsiri yake ni kwamba usakinishaji umepata hitilafu kubwa. Hata waliokuwa hawana chumba hicho kabisa waliletewa sasisho lilelile, likashindwa vilevile.

Wiki zile nilipigiwa simu mpaka usiku. Watu walikuwa wamezima kingavirusi, wamefuta mafaili, wamesakinisha upya, na wengine wameharibu vyumba vya diski kwa kufuata maelekezo ya kuvipanua waliyokuwa hawayaelewi. Baadaye, mwishoni mwa Aprili, Microsoft wakasema kwa Windows 10 hawataleta tiba ya kujiendesha yenyewe. Anayetaka apanue chumba kwa mkono. Ushauri wangu kwa wengi ulikuwa kuliacha. Tundu lenyewe lilimhusu mtu ambaye diski yake imefungwa kwa kufuli la Windows liitwalo BitLocker na ambaye mwizi ameshaishika kompyuta yake mkononi. Mwalimu ambaye diski yake haikufungwa kabisa hakuwa na cha kupoteza pale. Kusoma sasisho linafanya nini kabla ya kupigana nalo kunaokoa siku nzima, na sisi mafundi ni wavivu wa kusoma; nitasema hivyo hata kama wenzangu wamo humu ukumbini.

Barabara ninyi mnaijua kuliko mimi. Bando linaisha katikati, umeme unakatika mashine ikiwa imefika asilimia 60, mtu anafunika laptopu akidhani imeganda. Windows hujitahidi: ikiwaka tena hutendua ilichofanya na kurudi ilikokuwa, kazi inayoweza kuchukua saa nzima kwenye diski ya zamani. Msiiguse wakati huo. Nimeona mashine zilizokuwa zinajiponya zikauawa na mwenyewe aliyekosa subira. Upakuaji uliokatika nao unaweza kuacha mabaki mabovu. Hayo huondolewa kwa kusimamisha huduma mbili, wuauserv na bits, kulibadili jina folda la SoftwareDistribution lililo ndani ya folda la Windows, kisha kuziwasha huduma hizo tena. Windows itaunda folda jipya na kuanza upya. Hesabu za ada za mtu haziguswi.

Ikiwa mafaili ya mfumo wenyewe ndiyo yameharibika, Windows 10 ina amri mbili: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza hiyo, sfc /scannow. Ya kwanza inatengeneza ghala ambamo ya pili huchota vipuri, ndiyo maana mpangilio una maana. Kwa kawaida DISM yenyewe huchota kutoka huduma ya masasisho, ileile iliyokugomea. Hapo itabidi uielekeze kwenye nakala ya Windows iliyo kwenye fleshi.

Lakini kabla ya amri yoyote, isikilizeni diski. Diski za sahani zinazozunguka, zilizofanya kazi miaka minane au kumi, hufa polepole, na sasisho kubwa huandika maelfu ya mafaili kwa mkupuo. Likishindwa kila mara mahali palepale, na mashine inatoa mlio wa kugonga, kosa si la Windows. Nakili mafaili kwanza, siku hiyohiyo, ndipo uendelee na mengine. Kuiweka diski ya aina ya SSD mahali pa ile ya zamani kunaifufua laptopu ya mwaka 2013 kuliko sasisho lolote ninalolijua.

Ondoeni pia kila kilichochomekwa: printa, fleshi, kadi ya kamera. Mwaka 2019 Windows 10 ilikataa makusudi kupanda toleo kwenye kompyuta zilizokuwa na fleshi au kadi ya kumbukumbu, kwa hofu kwamba herufi za diski zingechanganyika. Waliochomoa walipita.

Nimebakiza yule anayetuma mzigo. Hapa hakuna cha kutengeneza, na ndiyo maana lazima muitambue hali hii mapema msipoteze juma zima.

Chrome toleo la 109 ndilo la mwisho kwa Windows 7 na 8. Lililofuata, la 110, lilitoka Februari 2023 na linataka Windows 10 au zaidi. Huwezi kulilazimisha. Anayekupa faili la Chrome mpya ya Windows 7 kutoka tovuti ya ajabuajabu anakupa kitu kingine chenye nembo ya Chrome. Firefox walikuwa waungwana zaidi: toleo lao la 115 la msaada wa muda mrefu, la Julai 2023, waliendelea kulitia viraka vya usalama kwa ajili ya Windows 7, 8 na Mac za zamani, na tarehe ya mwisho wakaisogeza mbele zaidi ya mara moja. Kwa mwenye mashine kama hiyo ambaye bado hana uwezo wa kuhama, hicho ndicho kivinjari ninachomwekea.

Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watu binafsi uliwekwa mpaka Oktoba 2026. Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM toleo la 2.0 na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, zinaanzia kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Kompyuta ya 2016 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, inayofanya kazi kama farasi, inakataliwa. Zipo njia za kuruka ukuta huo, na vijana wanazijua. Wajue na hili: toleo la 24H2 lilianza kudai amri za prosesa ambazo mashine za enzi ya Core 2 hazina kabisa, na hapo hakuna ujanja, haiwaki. Mimi uamuzi huu naulaumu. Umezigeuza kuwa taka mashine ambazo shule zetu zingezitumia miaka mitano mingine, na ziada ya ofisi za Ulaya itazidi kushushwa kwetu kwa bei ya kuvutia bila muuzaji kutaja kizazi cha prosesa. Mkienda kununua, ulizeni hilo kabla ya kuuliza bei.

Kwa mashine zilizokataliwa, Linux Mint hutosha kwenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na inajisasisha bila kumwomba mtu TPM. Sitawadanganya kwamba ni rahisi kwa kila ofisi: programu ya mahesabu ya Windows huenda isikubali, na printa fulani itakutoa jasho. Jaribuni kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye fleshi, bila kusakinisha. Mpeni mwalimu mmoja aitumie juma zima, ndipo muamue.

Wako wanaoniuliza kwa nini tujisumbue hivi wakati mashine inafanya kazi. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku moja, hospitali nyingi za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa. Kiraka cha kuzuia tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Nyingi kati ya zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inapata msaada. Mzigo ulikuwa umeshafika bandarini na haukuwa umechukuliwa.

Muda wangu umekwisha, na naona wengi mmekuja na mashine zenu kama tulivyoomba. Kibetri cha ziada ninacho, bisibisi ninayo, na fleshi yenye yale masasisho mawili iko mfukoni. Mama aliye meza ya mbele, laptopu yako inaonyesha saa nane usiku na sisi tumetoka kula chakula cha mchana sasa hivi. Isogeze hapa.